Ulizo na Sikio Lililokatwa: Uhakiki wa Utafutaji wa Ruwaza katika Ngano ya Kisukuma

Makala hii inahakiki dhana kwamba ruwaza za ngano zinaweza kubainishwa kwa hifadhidata ya grafu, yaani hazina inayotunza wahusika kama nodi na matendo yao kama viungo baina ya nodi hizo. Mizizi ya dhana hiyo imo katika kazi ya Vladimir Propp, ambaye mwaka 1928 alibainisha majukumu 31 ya wahusika katika ngano za Kirusi. Kilicho kipya ni chombo: kwa lugha ya Cypher, mtafiti huandika umbo analolitafuta, na mashine hurejesha kila mahali linapopatikana.

Kielelezo chetu ni ngano ya Shing'weng'we, mali ya Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa Bariadi na sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu. Zimwi linawameza watu wote isipokuwa mwanamke mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, analiua na kulipasua tumbo ili waliomezwa watoke. Tukiuliza, "Kiumbe gani kinawala watu, na kijana gani anakiua?", tutapata ngano hii pamoja na ile ya Kiswahili ya Nunda, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Ulinganifu huo ni wa kweli, ila ni wa juujuu. Nunda alianza akiwa paka wa sultani, naye sultani akayapuuza malalamiko ya raia. Mtafiti akiongeza kwenye ulizo kiungo cha "kulea" kati ya mtawala na mnyama, ngano hizo zinaachana, na ile ya Nunda inadhihirika kuwa hadithi ya utawala.

Hatari kubwa zaidi imo katika lile lisiloulizwa. Masala Kulangwa anapolipasua zimwi, kisu chake kinamkata sikio bibi kizee aliyekuwamo tumboni, naye bibi anamkasirikia mwokozi wake. Ulizo linaloishia kwenye kifo cha zimwi haliligusi tukio hilo, ilhali ndilo linaloifundisha hadhira kwamba ukombozi nao hujeruhi, na aliyejeruhiwa ana dai lake.

Inahitimishwa kwamba ulizo ni usomaji tayari, na lihakikiwe kama usomaji mwingine wowote. Bibi kizee apewe nodi yake kabla ya ulizo kuandikwa. Asipopewa, mashine itatoa jibu sahihi kuhusu ngano iliyopunguzwa.