Chasisi Kwanza

Akifika kwenye pikapu inayouzwa, fundi mmoja wa magari haulizi bei wala haombi funguo. Anatandaza katoni chini, anajilaza chali na kuingia uvunguni mwa gari na nyundo ndogo, bisibisi na tochi ya simu. Hukaa huko mpaka mwenye kuuza aanze kutazama saa. Gereji yake iko Changamwe, lakini wanunuzi wa Likoni na Kisauni humfuata, kwa sababu mafundi wa kutengeneza magari ni wengi, ila wa kuyachagua ni wachache mno.

Mnunuzi wa kawaida hufungua boneti kwanza. Yeye injini huiacha mwisho. Injini ikifa, ataitafuta nyingine iliyotoka Japani, aifunge, na mabadiliko yaandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Klachi inanunuliwa, gia inanunuliwa, hata kabini nzima inapatikana kwa wauza spea. Lakini chasisi ndiyo yenye nambari inayolitambulisha gari kwenye logbuku. Ikioza, ulichonunua ni vipande vya spea vilivyopangwa vikafanana na gari.

Na huku kwetu chasisi huoza. Pikapu ya Likoni huvuka feri kila siku, ikapanda na kushuka kwenye sakafu iliyolowa maji ya bahari, na usiku hulala kwenye upepo wenye chumvi. Kama ilikuwa ya samaki, barafu iliyoyeyuka ilipenya kwenye matundu ya bolti za bodi ikadondokea chasisi mwaka hata mwaka. Ndiyo maana fundi hugonga. Huanza nyuma ya kabini na kwenda taratibu hadi mkiani, kila kipande cha chuma akikipiga mara mbili na kusikiliza, kama mama anayegonga nazi sokoni kabla ya kuilipia. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na hapo hurudi nyuma shubiri moja na kugonga upya mpaka aujue mpaka wa ubovu. Pale springi za nyuma zinaposhikiliwa ndipo anapokawia zaidi, maana matope hujikusanya juu yake na hayakauki. Huingiza bisibisi kwenye tundu la ubavu wa chasisi na kukwangua kwa ndani. Vumbi jekundu kidogo halimtishi. Maganda yakianza kuanguka, husita.

Kuna kitu kimoja kinachomfanya anuse: rangi nyeusi mpya uvunguni mwa gari kuukuu. Wauzaji huisifia, wakisema gari limetunzwa. Yeye huikwangua kwa ukucha na kutafuta mstari wa kulehemu uliofichwa chini yake. Simwiti mtu wa shuku kwa hilo. Anajua tu kwamba rangi ni rahisi kuliko chuma.

Akitoka chini husimama ubavuni na kutazama mwanya kati ya kabini na bodi. Huu ndio ujuzi wake ninaoupenda kuliko wote, kwa kuwa hauhitaji chombo chochote. Mwanya ukiwa sawa juu na chini, chasisi imenyooka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mkia umeinama, na maana yake ni mzigo wa kupita kiasi: kokoto, saruji, mawe ya kujengea. Kisha huangalia springi. Zikiwa zimeongezewa vyuma, kuna aliyekusudia kubebesha pikapu hii zaidi ya uwezo wake, na amefanya hivyo kwa muda mrefu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiagize Japani akaepukana na taabu hii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8, na Toyota iliacha kuuza Hilux huko Japani mwaka 2004 hadi ilipoirudisha 2017. Miaka mingi, Hilux ya umri unaokubalika haikupatikana huko. Kwa hiyo pikapu nyingi za bei nafuu zilizotumika ni za humu humu nchini. Zimezeekea kwenye barabara zetu na bahari yetu, na historia yake haisomeki kwenye karatasi ya mnada, bali kwenye chuma.

Injini sharti aikute imelala. Huweka kiganja juu ya boneti, na ikiwa ina joto huaga kwa adabu: "Nitarudi kesho, inshallah, ikiwa imepoa." Iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Kwenye dizeli za zamani, kama ile 3L ya Hilux au 4JA1 ya Isuzu, hukilegeza kifuniko cha oili injini ikinguruma na kukiacha juu ya mdomo wake. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirukaruka, pistoni zimechoka. Radieta nayo huichungulia kwa makini, kwa kuwa wengi hapa hutia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi.

Jaribio la barabarani hupenda lifanyike na mzigo. Hupita Miritini akaukabili mlima wa Mazeras, gia ya tatu, akisikiliza difu na kutazama moshi kwenye kioo. Akiteremka huachia mafuta ghafla, aone kama gia itachomoka yenyewe. Likoni hahitaji kwenda mbali: mteremko wa feri unatosha kuipima klachi na breki ya mkono.

Siku moja alimkagulia mama anayeuza mboga Kongowea pikapu iliyong'aa, viti vipya, tairi mpya. Mama alikuwa amekwisha kuipenda. Fundi alitoka chini, akapangusa mikono, akamwita kando. "Mamangu, hii tuiache."

"Lakini inawaka vizuri, fundi."

"Inawaka, naam. Njoo uone mwenyewe." Akamwinamisha, akamshikisha tochi, akamwonyesha palipokatika na kulehemiwa. Hakumtaka amwamini tu, alimtaka aone. Baadaye mama yule alichukua nyingine, yenye rangi iliyofifia na mlango uliopondeka, na fundi akamsaidia kupunguza bei kwa kutaja injini inayotaka kufunguliwa.

Hulipwa kwa kukagua, gari linunuliwe lisinunuliwe, na broka akimpa chochote hukirudisha. Naona hili ni sehemu ya ujuzi wenyewe, kwa maana fundi anayengojea asilimia hataisikia ile sauti butu.

Gari likishanunuliwa humwagiza mwenyewe alirudishe gereji. Huliosha uvunguni kwa maji baridi ya mfereji, si ya kisima, akaliacha likauke juani, kisha hupaka grisi kwenye mikono ya springi na kunyunyiza oili ndani ya matundu ya chasisi. Kazi hiyo hutaka irudiwe kila mwaka kabla ya masika.