Laptopu Iliyomwagikiwa Chai: Kutafuta Mahali Umeme Ulipokwama

Chai ya maziwa inayopenya chini ya kibodi ya laptopu huharibu saketi kwa njia mbili. Chumvi zilizomo kwenye maji na maziwa hupitisha umeme kati ya sehemu zisizopaswa kuunganishwa. Sukari haipitishi umeme, lakini hugandana na kutunza unyevu chini ya chipu kwa siku nyingi. Palipo na volti, shaba ya ubao hulika taratibu, na madini yake yanaweza kujenga nyuzi nyembamba zinazoleta shoti. Uharibifu huo huendelea hata laptopu ikiwa imezimwa, kwa sababu betri iliyounganishwa hulisha baadhi ya sehemu wakati wote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchomoa chaja, na ya pili ni kufungua kifuniko na kutenganisha betri. Kuifukia laptopu kwenye mchele hakusaidii, kwani hata maji yakikauka, chumvi na sukari hubaki palepale. Kubonyeza kitufe ili kuona kama bado inawaka ni hatari zaidi, maana shoti ndogo inaweza kuunguza chipu kubwa.

Ubao mkuu hutolewa na kukaguliwa kwa lenzi kabla ya kusafishwa. Madoa ya kijani au buluu ni shaba iliyolika, na yaandikwe mahali yalipo, kwa kuwa yataongoza vipimo vya baadaye. Betri ndogo ya saa nayo iondolewe. Sukari huyeyuka vizuri kwenye maji kuliko kwenye alkoholi. Ndiyo maana doa la chai huoshwa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na brashi laini. Ubao ukaushwe kabisa, hasa chini ya chipu pana.

Baada ya hapo uchunguzi hufuata njia ya umeme wenyewe. Katika laptopu nyingi za chaja ya volti 19.5, umeme hupita kwenye tundu, kisha transista za kuingizia, hadi njia kuu. Vigeuzi huupunguza kuwa volti 5 na 3.3 za kusubiri, zinazoamsha chipu ya udhibiti. Kitufe kikibonyezwa, chipu hiyo huruhusu hatua zinazofuata: volti 1.2 za kumbukumbu ya DDR4, na mwishoni takriban volti 1 ya prosesa. Hatua moja ikikwama, zinazofuata hazitokei. Kwa hiyo volti ya prosesa inayokosekana haithibitishi kwamba prosesa imekufa.

Vipimo vya kwanza hufanywa bila umeme. Multimita huwekwa kwenye omu, waya mweusi ukigusa tundu la skrubu lililounganishwa na upande wa hasi, mwekundu ukigusa njia kuu, kisha koili ya kila kigeuzi. Njia kuu inapaswa kuonyesha maelfu ya omu. Ikionyesha omu moja au mbili, ina shoti. Koili za prosesa ni tofauti: omu chache, hata chini ya moja, ni kawaida kwake.

Shoti kwenye njia kuu huonekana pia taa ya chaja inapozimika mara tu pini inapochomekwa, kwani chaja hujikinga. Ili kupata kifaa kilichoharibika, volti 1 kutoka kwenye chanzo chenye kikomo cha mkondo huingizwa kwenye njia hiyo, na ubao hupakwa alkoholi kidogo. Panapokauka kwanza ndipo penye joto, na mara nyingi huwa ni kapasita ya kauri. Volti inayoingizwa isizidi ile ya kawaida ya njia inayopimwa. Volti 1 ni salama zaidi, kwa sababu transista iliyoungua inaweza kuipitisha moja kwa moja hadi kwa prosesa.

Kukosa shoti hakumaanishi kwamba saketi ni nzima. Chipu ya kuchaji BQ24735 ya Texas Instruments hutambua chaja pale mguu wake wa utambuzi unapopata zaidi ya volti 2.4. Rezista ya kiloomu 430 ikiunganishwa na ya kiloomu 66.5, volti 19.5 huleta takriban 2.6 kwenye mguu huo. Ya kwanza ikilika hadi kufikia kiloomu 500, mguu hupata 2.3 tu. Chaja ni nzima, chipu ni nzima, lakini umeme unazuiliwa mlangoni. Fundi atakayebadilisha chipu bila kupima rezista atarudi palepale.

Volti za kusubiri zikiwepo lakini laptopu haiwaki, kitufe ndicho cha kupimwa. Kwa kawaida waya wake hukaa na volti 3.3 na kushuka hadi 0 kinapobonyezwa. Kibodi iliyolowa inaweza kuushikilia kwenye 0, nayo laptopu ikakataa kuwaka au ikawaka na kuzimika baada ya sekunde chache. Kibodi ikichomolewa na volti ikarudi, hitilafu imepatikana.

Kabla ya kurudisha skrini, soketi yake ikaguliwe kwa makini. Volti kubwa ya taa ya skrini hupita karibu na nyaya za picha, na uchafu kati yake unaweza kuipeleka kwenye prosesa. Betri iliyolowa au kuvimba isirudishwe. Mwisho, laptopu ijaribiwe kwa chaja peke yake, kwa betri peke yake, kisha kwa vyote viwili ikiwa na kazi nzito, kwa sababu rezista iliyolika nusu inaweza kufaulu jaribio fupi na kushindwa joto linapopanda.