Changarawe Ile Inamnyima Gobi Chakula

Waliotazama video ya tangi lile la gobi wa zambarau wameona kazi nyingi nzuri: tangi refu, kifuniko kilichobana, joto nyuzi 26, hidrometa ikisoma 1.008. Hayo yote sawa. Kisha ukaja mfuko wa changarawe ya buluu, punje zenye upana wa sentimita nzima, ukamiminwa sakafu yote. Hapo ndipo tangi lilipoharibika, na hakuna chujio la bei yoyote litakalofidia kosa hilo, kwa sababu samaki huyu anakula sakafuni, analala sakafuni na kujificha humohumo.

Rudini pale alipoachiliwa. Anashusha pua, anapanua kinywa, anazoa mawe mawili matatu na kuyatema. Anajaribu tena mbele kidogo, anatema tena, halafu anajikunja nyuma ya bomba la chujio. Tukaambiwa anazoea mazingira. Sivyo; alikuwa anatafuta chakula kwa njia pekee anayoijua, na sakafu imemkatalia. Gobioides broussonnetii, aliyeelezwa na Lacepède mwaka 1800, ni mkazi wa matope ya midomo ya mito kuanzia kusini mwa Marekani hadi Brazili. Macho yake ni madogo mno, hayamsaidii kuwinda. Huchota tope kwa kinywa, hulichuja, hubakiza mwani na vijidudu vya jamii ya kamba, na kilichobaki hukitoa kwenye matamvua. Chembe za chakula zikiangukia kwenye changarawe huzama kati ya mawe asikoweza kufika, zikaoza humo huku yeye akikonda juu yake. Na mwili ule mrefu kama wa mkunga, wenye magamba madogo yaliyodidimia ndani ya ngozi, ukilazimishwa kupenya kwenye mawe makali huchubuka, na mchubuko ndio mlango wa bakteria.

Nimelaumu jina la “joka” katika safu hii mara nyingi na sitaacha. Muuzaji akishamwita samaki joka, mnunuzi humtupia vijisamaki hai akitarajia kuona mawindo, tena mara nyingi ndani ya maji baridi yasiyo na chembe ya chumvi. Meno yale ya kutisha hukwangua mwani. Mwenye tangi letu alilikwepa kosa la chumvi, na ndiyo maana kosa la sakafu linauma zaidi: anajua samaki huyu ametoka wapi, lakini hakumletea kitu cha kwanza ambacho angekikuta kwao.

Watetezi wa changarawe wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mchanga hushikamana na kuzalisha gesi yenye harufu ya yai viza. Ni kweli kwa mchanga usioguswa, lakini gobi huyu huufukua mwenyewe, na mpira wa kufyonza uchafu humalizia pembe asizofika. Ya pili ni kwamba bomba la plastiki linatosha kwa maficho. Linatosha kwa kujificha, naam, ila halimlishi. Sababu halisi ya changarawe ni mazoea. Tuliirithi kutoka enzi za chujio la chini ya sakafu, ambalo lilihitaji punje kubwa ili maji yapenye. Chujio la tangi hili linaning’inia nje ya kioo. Sababu ile haipo tena. Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu matangi ya bahari yenye mawe hai na mapovu ya hewa tu, alianza na bahari yenyewe, ndipo akaunda tangi. Wafugaji wa leo wana pampu ambazo yeye hakuwa nazo, lakini wanaanzia dukani.

Anayetaka kurekebisha asingoje. Samaki ahamishiwe kwenye chombo chenye maji yaleyale, changarawe itolewe yote, uwekwe mchanga laini uliooshwa, sentimita 8 au 10, ili aweze kuzama mwili mzima. Nyenzo za chujio zisioshwe siku hiyo, maana bakteria wanaosafisha maji walionata kwenye changarawe watakuwa wametoka nayo. Kisha alishwe taa zikizimwa, artemia na unga wa spirulina ushushwe kwa bomba hadi mchangani karibu na kinywa chake. Katika dakika za mwisho za video mgongo wake ulikuwa tayari umechongoka nyuma ya kichwa, na hiyo ni dalili ya njaa ya wiki kadhaa.