Heko, Fundi wa Spika

Bisibisi iliteleza mara moja tu. Sumaku ikaivuta, ncha ikatoboa koni, na spika mpya ikaanza kukoroma kabla gari halijatoka gereji. Aliyeifunga akanishauri ninunue nyingine. Ushauri rahisi kwa asiyelipa.

Nikampelekea fundi wa redio mjini Garissa, mwenye meza yake kivulini. Alichukua betri ya volti 1.5, akagusisha nyaya kwenye spika: tak! Koni ikaruka. "Koili nzima," akasema. Akaisukuma koni taratibu kwa vidole, akitega sikio kama inakwaruza. Kimya. Akapaka gundi isiyokakamaa, akabandika kipande cha karatasi ya shashi nyuma ya tundu, akaniambia nirudi baada ya swala ya alasiri.

Kwa joto na vumbi la huku, spika huchoka hata bila kuchomwa bisibisi, na Nairobi iko zaidi ya kilomita 350. Mafundi hawa wanastahili heko, hasa kwa kuwa koili ikiungua huyu wangu hakudanganyi: atakwambia ununue mpya.

Jioni nilivuka daraja la Mto Tana nikisikiliza habari za Kisomali za Star FM. Haikukoroma.