Bustani za Katikati ya Nairobi

Bustani za umma za katikati ya Nairobi zinastahili pongezi kwanza kwa kuwa bado zipo. Ile ya Jeevanjee ni ndogo, imebanwa na maduka pande zote. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji zawadi hiyo mnamo 1906. Mchana wahubiri hupaza sauti chini ya miti, huku makarani na wasaka kazi wakibanana kwenye mabenchi, na wengine wakijinyoosha kwenye nyasi, viatu vikiwa mto. Hakuna pahali pengine mjini penye usawa kama huo.

Bustani ya Agosti 7, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998, ni ya utulivu. Majina ya waliouawa yamechorwa ukutani.

Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, ndiyo pana kati ya hizi tatu: ina ziwa la mashua na mteremko unaotazama majengo marefu ya jiji. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai aliupinga mpango huo hadharani, akatukanwa hata bungeni, wala hakurudi nyuma. Wafadhili wa kigeni wakajitoa, na jumba halikujengwa.