Mizani ya Mpiga Ngoma: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Timboroa

Mtu atakaye kupima ustadi wa mpiga ngoma atapata mtihani mkali kule Timboroa, juu ya njia ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu huingia hata majumbani, na ngozi ya mbuzi iliyowambwa katika joto la pwani hunywa unyevu, ikalegea, sauti yake ikashuka kabla mwenyewe hajaketi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama hutokea kabla ya wimbo. Fundi wa kweli huisogeza ngoma yake karibu na makaa, akaigeuza taratibu, akaigonga kwa kidole ukingoni pande zote, akisikiliza iwapo upande mmoja umekaza na mwingine ungali umelegea. Akifanya pupa, ngozi hukauka kupita kiasi, ikalia kwa ukali, hata ikapasuka. Asiyejishughulisha na hayo, akatumaini kipaza sauti kitamsitiri, usimtarajie makubwa.

Kisha sikiliza mkono. Pigo la katikati, la ukingoni na la kofi yawe matatu dhahiri hata apigapo kwa upole, kwani nguvu ni rahisi kwa kila mwenye misuli.

Lakini mtihani mkubwa ni wa mtunzi achanganyaye ngoma za asili na muziki wa kisasa, na hapa ndipo penye ghushi nyingi. Aghalabu mtu huchukua pigo moja la isukuti, akalitandika chini ya gitaa na kinanda, akadai ametunga. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, ni mazungumzo ya ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Mwenye kubakiza moja na kuacha mbili amebakiza jibu pasipo swali.

Kipimo changu katika fani hii ni Kasiva Mutua, Mkenya aliyeeleza hadharani kwamba nyanya yake ndiye aliyemfundisha kusikia mapigo, katika nchi ambako wengi waliamini kuwa ngoma si kazi ya mwanamke. Alishiriki katika Nile Project, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero mzaliwa wa Ethiopia, ikiwakutanisha wanamuziki wa nchi za bonde la mto Nile. Katika jamaa kama hiyo, krar ya Ethiopia, udi wa Misri na adungu ya Uganda kila kimoja huja na desturi yake. Mapigo sita yaweza kuhesabiwa makundi mawili ya matatu au makundi matatu ya mawili, na mpiga ngoma hodari huzishika hesabu zote mbili kwa pamoja, hata mchezaji wa kila kabila akapata mahali pa kuweka mguu wake. Ninalomsifia Kasiva kuliko wepesi wa vidole vyake ni insafu hiyo: haipi ngoma haki ya kuwazima wenziwe. Na maarifa hayo hakuyafungia kifuani, kwani kwa mradi wake wa MOTRA amewafundisha wasichana ufundi huo huo.

Basi, msomaji, ukiombwa kumwajiri mtunzi wa namna hii kwa arusi au tamasha, iwe Timboroa au mjini Eldoret, mwombe kwanza apige pigo la asili peke yake, bila gitaa wala kinanda, mbele ya wazee wa kabila lenye pigo hilo. Wakiinuka wakacheza, mlipe ujira wa mtunzi. Wakibaki wameketi, mlipe nauli yake, umtafute mwingine.