Necronomicon: kitabu cha kale ao mbegu bila etiketi?

Wandugu, leo tuongee juu ya kitabu. Si kitabu cha masomo, hapana. Ni ile Necronomicon ambayo vijana wanapitishiana mu telefone, yenye majina ya Marduk, Inanna na Tiamat, na michoro ya duara na nyota. Kuna wenye kusema: "Hii njo buku ya kwanza kabisa, ya watu wa Sumeri. Inapita Biblia kwa uzee. Walitufichaka." Wengine wanaogopa hata kuifungua.

Jibu langu nalitoa hapa mwanzo: si kitabu cha kale. Ni cha 1977 na kilizaliwa New York. Lakini ndani yake kuna vipande vya kale vya kweli, na hapo njo penye ugumu. Uongo mutupu unaonekana upesi. Uongo wenye kuchanganywa na ukweli unameza hata mutu mwenye lisanse.

Mu kazi yetu ya kilimo, mutu akikuletea mfuko wa mahindi na kusema ni mbegu bora, hauangalii kwanza uzuri wa mfuko. Unauliza: inatoka wapi? Nani aliizalisha? Ya mwaka gani? Etiketi iko wapi? Kisha unachukua punje 100, unazilowesha, unahesabu zenye kuota. Kwa nini kitabu tukipokee bila maswali hayo?

Tuanze na asili. Jina Necronomicon lilitungwa na mwandishi Mmarekani, H. P. Lovecraft, aliyeandika hadithi za kutisha na kufa 1937. Lilionekana mu hadithi yake moja ya 1924. Mu 1927 aliandika hata "historia" ya kitabu hicho: eti kiliandikwa Damasko karibu mwaka 730 na Mwarabu mwenye wazimu, Abdul Alhazred, kisha kikageuzwa Kigiriki mu 950. Yote ni mchezo wa mwandishi. Kwa barua zake Lovecraft alisema wazi kama kitabu na mwandishi wake aliwatunga mwenyewe. Hakudanganya mutu.

Na sisi wenye kusema Kiswahili tungepaswa kushtuka kwa lile jina. Tunawajua akina Abdulrahman na Abdulaziz. "Abd" ni mtumishi, "ul" inaunganisha, na kinachofuata ni jina la Mungu: mtumishi wa Mwenye rehema, mtumishi wa Mwenye nguvu. "Abdul Alhazred" inarudia "al" mara mbili, na Hazred si jina la Mungu. Hakuna mzazi Mwarabu angeita mtoto wake vile. Ni jina la mutu aliyesikia Kiarabu kwa mbali.

Miaka 40 kisha kifo cha Lovecraft, mu 1977, mutu anayejiita Simon tu alitoa kitabu chenye lile jina. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 666, zenye jalada la ngozi. Mu 1980 ikatoka ya bei ndogo, na ile njo ilienea dunia. Simon anasema alipata hati ya Kigiriki kupitia watawa. Hati yenyewe iko wapi? Haiko mu maktaba yoyote. Hakuna mtaalamu wa Kigiriki ao wa Babeli aliyepewa kuipima mbele ya watu. Mfuko bila etiketi, na muuzaji bila jina la ukoo.

Sasa tulowesheni punje.

Ya kwanza ni milango saba. Mu hadithi ya kweli ya Inanna, mungu mke huyo anashuka kuzimu. Kila mlango wananyang'anya kitu kimoja cha mapambo yake, mpaka anafika uchi mbele ya dada yake Ereshkigal, na anakufa. Ni safari ya chini, na inaumiza. Mu kitabu cha Simon milango saba inapanda juu, moja kwa kila nyota: Mwezi, Zebaki, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtari, Zohali. Ule mpangilio ni wa wanajimu Wagiriki, waliokuja miaka mingi sana kisha Sumeri. Mwandishi alichukua ngazi ya Wagiriki, akaipakaa rangi ya Babeli.

Ya pili ni KUTULU. Simon anataka jini la Lovecraft, Cthulhu, liwe neno la Kisumeri: Kutu, ule mji wa mungu wa kuzimu, na "lu", maana yake mutu. Ni kweli "lu" ni mutu. Lakini Wasumeri walitanguliza "lu" na jina la mji likafuata, sawa vile sisi tunasema "mutu wa Likasi". Simon ametuandikia "Likasi mutu". Mwenye kujua lugha hawezi kufanya vile.

Ya tatu ni majina hamsini ya Marduk. Hii inanigusa zaidi, juu majina yenyewe ni ya kweli. Yako mu Enuma Elish, shairi la Babeli juu ya kuumbwa kwa dunia. Vipande vyake vilichimbuliwa Ninawi, ule muji wa nabii Yona, na George Smith akavitoa mu kitabu 1876. Jina Asari linamusifu Marduk kama mwenye kutoa mashamba na kuotesha nafaka. Jina Enbilulu linamufanya kuwa bwana wa maji na mifereji. Sisi wa Mwadingusha, wenye kuishi na baraji ya Lufira na turbine zenye kuzunguka tangu 1930, hatuhitaji kufasiriwa juu ya nini watu walimusifu mwenye kuchunga maji.

Simon amefanya nini na majina hayo? Kwa kila moja ameongeza neno la siri na muhuri wa kuchora, ili uite nguvu ije kukutumikia. Vile vitu haviko mu shairi. Sifa amezigeuza kuwa namba za simu.

Tukiwa waaminifu, kitabu kina nguvu yake ya maandishi. Ushuhuda wa yule Mwarabu mwenye wazimu unasomwa kwa hofu ya kweli, na sauti yake ya mutu anayefukuzwa inakukamata. Kama ingeuzwa kama hadithi, ningeisifu. Lakini onyo lake ni mtego. Simon anasema kama nguvu unazoziita hazina njia ya hakika ya kuzifukuza. Ukijaribu na kupata kitu, ni kitabu. Ukikosa, ni wewe uliyekosea. Ukipata balaa, ulionywa. Kitu chenye kushinda kila namna hakijapimwa hata mara moja.

Najua jibu litakuja: "Lakini fulani alifanya na ilifanya kazi." Ndugu, sisi tumesoma parsele ya kulinganisha. Ukitia mbolea mupya mu shamba moja na mvua ikanyesha vizuri, mavuno makubwa hayasemi kitu juu ya mbolea mpaka uone parsele ya pembeni isiyotiwa. Fulani alipata kazi kisha kuchora muhuri. Wangapi walichora na wako nyumbani bado? Wangapi walipata kazi bila kuchora? Hao hatuwahesabu.

Na Necronomicon haiko peke yake mu familia yake. Kile kinachoitwa Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa kilitolewa Stuttgart, mu Ujerumani, 1849, na Johann Scheible. Musa hakuhusika. Kilivuka bahari mpaka Karibi na Afrika ya Magharibi, na watu wengi walikilipia feza. Mapishi ni yaleyale: jina la uzee mkubwa, hati iliyofichwa, onyo la kutisha, na ahadi ya kupata bila kulima.

Sasa mnaweza kuuliza: ikiwa kitabu ni cha uongo, hasara iko wapi? Hasara ni mbili. Ya kwanza ni ya feza na wakati. Kijana wa lisanse bila kazi ni soko zuri kwa mwenye kuuza "kufungua milango". Anatoa dola yake ya mwisho na, mubaya zaidi, anatoa miezi yake.

Ya pili inaumiza wengine. Ndani ya kitabu kuna sehemu inayoitwa Maklu. Nayo imetoka kwa kitu cha kweli: Maqlû, vibao vya maombi ya Babeli ya kujikinga na walozi. Mu ibada ile walichoma sanamu ndogo za nta, za udongo na za unga. Lakini fikiri ile sehemu mikononi mwa mutu ambaye tayari anatafuta nani mu nyumba ni mulozi. Mu inchi yetu tunajua kidole kinaelekea wapi: kwa bibi mzee, ao kwa mtoto yatima. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema, mu kifungu cha 160, kama kumusingizia mtoto ulozi kunaadhibiwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Sheria iliandikwa juu jambo lilikuwa kubwa. Kuongeza "kitabu cha miaka 5000" juu ya masingizio kama yale ni kutia petroli mu moto.

Wenye hamu ya Mesopotamia, kiu yenu ni ya haki, na maji safi yapo. Kwa Kifaransa kuna kazi ya Jean Bottéro na Samuel Noah Kramer, Lorsque les dieux faisaient l'homme, ya 1989. Kila kipande kiko na asili yake.

Na kwa wanakilimo, kuna maandishi moja ya Kisumeri ambayo Simon hakuyahitaji, juu hayatishi mutu. Ni mashauri ya mkulima kwa mtoto wake, kwa mistari kupita 100. Baba anafundisha namna ya kuingiza maji mu shamba na kuyatoa, kulima, na kumuangalia mwenye kupanda ili shayiri iingie udongoni vidole viwili, kwa usawa. Mbegu ikitoboa udongo, anasema, omba kwa Ninkilim, mungu mke wa panya wa shamba. Na kisha, fukuza ndege.

Hiyo njo Sumeri ya kweli, wandugu. Mutu alikuwa na dini yake na aliomba. Lakini alipima kina cha mbegu kwa vidole, na kisha sala alikwenda mwenyewe kufukuza ndege. Kitabu cha 1977 kinakuahidi mavuno bila vidole viwili na bila kufukuza ndege.

Mwenye kuwa na hoja tofauti aandike hapa chini, tubishane kwa heshima. Lakini alete etiketi.